Transfoma Iliyopakwa Rangi

Sheria mpya ya umeme ilisema bei haipandi mpaka mitambo chakavu ibadilishwe na wananchi waridhike. Meneja wa umeme wa mji wa Itunda, Bwana Kalokola, aliipaka rangi transfoma yake kuukuu, akaitisha mkutano ukumbini mchana.

"Transfoma ni mpya!" alitangaza kwenye kipaza sauti, feni zikimpepea. "Majiko ya umeme niliyowauzia, kama ninavyowaambia kila siku, yatumieni kupikia bila hofu. Nani anabisha?"

Nyamizi, mjane muuza vitumbua, alisimama. "Sibishi, baba. Feni hizi zikizunguka hadi mwisho wa mkutano, nitakuwa wa kwanza kuunga mkono bei ipande. Zikisimama, bei ibaki palepale mpaka ulete transfoma mpya kwelikweli."

Meneja alicheka. Mafundi walikuwa wake, na alikwisha kuwaonya wasiguse swichi. "Nimekubali, mbele ya hadhara hii!"

Kisha akatazama viti. "Mbona wamejaa wanaume watupu? Akina mama wenzako wako wapi?"

"Wana shughuli kidogo, baba. Wewe endelea."

Akaendelea. Adhana ya adhuhuri ikalia msikitini. Haukupita muda mrefu, nje, upande wa transfoma, kukasikika mlipuko, feni zikalegea, zikasimama, na kipaza sauti kikakata katikati ya neno.

"Umefanya nini, mwanamke wewe?" meneja alifoka.

"Mimi? Si nimekaa hapa mbele yako?" Nyamizi alisema, akijifunga khanga aondoke. "Na wenzangu wamekutii tu. Tuliambizana adhana ikilia, kila mmoja abandike maharage kwenye jiko ulilomuuzia."