Aliyepita Bila Kusalimu

Mara nyingi mtu tunayemnyooshea kidole hana kosa, na mwenye kosa yuko papo hapo, anatusaidia kutafuta. Wahenga walilisema kwa ufupi: mdhaniwa ndiye kumbe siye. Anayebisha na asikilize yaliyotokea Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, katika kituo kimoja cha ushauri nasaha.

Kituoni hapo walikuwapo wanafunzi wawili wa saikolojia waliokuwa kwenye staji, yaani mafunzo ya vitendo ya mwaka wa mwisho. Reine, binti wa Kinyarwanda aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, alikuwa mcheshi na mtu wa watu. Twahiru, mwana wa Hamdani fundi cherehani, alikuwa ametulia kama maji ya mtungi. Msimamizi wao, Madamu Mukundwa, hakuchoka kuwaambia kwamba mwanasaikolojia anayetoa siri ya mteja ni sawa na mganga anayeuza sumu. Mwanafunzi ambaye angefanya hivyo angefukuzwa staji, na kazi hiyo angeisikia redioni tu.

Basi siri ikatoka. Maman Niyonsaba, mjane wa Mururu aliyevusha nyanya kwenda Bukavu kupitia mpaka wa Rusizi ya Pili, alikuwa akija kituoni kwa kificho. Tangu mumewe afariki alikuwa hapati usingizi, na kila akikanyaga daraja la mpakani moyo ulimwenda mbio. Hakumwambia hata dada yake. Ghafla akaacha kuja. Haukupita muda, habari zikamfikia Madamu Mukundwa kwamba wachuuzi wenzake wananong'ona eti mama yule ana wazimu, na hakuna anayetaka kuvuka naye tena.

Madamu aliwaita wanafunzi wake wote wawili, uso umemkunjamana.

"Waliojua ni mimi na ninyi. Mimi sijasema. Ijumaa naandika ripoti, na mmoja wenu anafunga virago," alisema.

Reine alishikwa na hasira ya kweli, maana alimpenda sana Maman Niyonsaba. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwa Twahiru. Jamani, shaka ikishaingia moyoni haikosi chakula! Je, si dukani kwa Hamdani ndiko wachuuzi wote wanakoshonea vitenge vyao? Na wakisubiri, si hupiga soga? Kijana akipita pale jioni kumsalimu babake, atakosaje kutupia neno moja?

Akaanza kumpeleleza. Twahiru akishika simu, Reine alitega sikio. Twahiru akicheka na mlinzi getini, Reine alijiuliza wanamcheka nani. Siku moja, walipokuwa wakila maharage na ndizi, alimtupia chambo.

"Wateja wako wanaendeleaje?"

"Wazima," Twahiru akajibu, akainamia sahani yake.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, dada Reine."

Muntu gani huyu asiye na maneno! Reine aliona wazi kwamba mwenzake anaficha jambo.

Lakini kilichomaliza ubishi kilitokea stendi. Maman Niyonsaba alishuka kwenye pikipiki na kikapu chake, na Twahiru alikuwa amesimama karibu naye kabisa. Wakatazamana. Mama akainamisha kichwa, na kijana naye akageuka, akavuka barabara kana kwamba hamjui. Kumpita mama mzima bila salamu! Mjini pale, asiyekusalimu ana chuki nawe au amekukosea, hakuna la tatu. Reine, aliyekuwa akimfuata Twahiru kwa nyuma, alipiga kofi pajani. Amempata.

Ijumaa ilipofika, Reine aliyamwaga yote mbele ya Madamu Mukundwa: duka la Hamdani, ule ukimya, na mkasa wa stendi. Twahiru alisikiliza hadi mwisho. Babake alikuwa amekesha kwenye cherehani miaka yote ile ili yeye asome.

"Sikusema neno, Madamu. Wallahi sikusema," aliapa.

"Kama hukusema, mbona ulimkimbia?" Reine akadakia.

"Sikumkimbia. Nilimngoja anisalimu yeye kwanza. Hakunisalimu, nikapita."

Reine aliangua kicheko. "Kijana amngoje mama amsalimu! Ni malezi gani hayo?"

Madamu Mukundwa hakucheka. Alimgeukia Reine, akamuuliza polepole, "Wewe ukimkuta mteja njiani unafanyaje?"

"Namsalimu, Madamu! Mimi nilifundishwa adabu. Lile somo lako la kungoja mteja aanze salamu, samahani, niliona ni la nchi za watu wasiojuana. Hata huyo Maman Niyonsaba, nilimkuta kwenye foleni ya mpaka nikienda kwa shangazi. Nilimkumbatia mbele ya bamama bote, wale wachuuzi wenzake! Nikamuuliza kama sasa analala vizuri, kama moyo bado unamsumbua darajani, nikamwambia asikose kuja kituo..."

Aliishika beji ya kituo iliyoning'inia shingoni mwake. Siku ile ya foleni pia alikuwa ameivaa, na bamama wale wote wanajua kusoma.

"Mungu wangu," akasema.

Twahiru alitazama chini. Kama alifurahi, hakuonyesha. Reine aliivua beji, akaiweka mezani bila kuambiwa, machozi yakimtiririka.

"Madamu, nifukuze. Lakini niache kwanza nipande pikipiki hadi Mururu nikamwombe radhi. Nitapiga magoti mlangoni kwake."

"Ili majirani nao waone ni nani aliyempigia magoti?" Madamu aliuliza. "Hapana, binti yangu. Huendi Mururu. Ukimkuta njiani, ngoja akusalimu. Asipokusalimu, pita."

Reine alilia kwa sauti kama aliyefiwa, kwa kuwa alijua Maman Niyonsaba hatamsalimu tena. Jioni ile alipanda basi na sanduku lake, na Twahiru akabaki kazini. Ndiyo maana wenye kupima maneno husema: kabla hujamfunga mtu kamba, kumbuka kuwa mdhaniwa ndiye kumbe siye.