Nungunungu Juu ya Tyubu

Paukwa!
Pakawa!
Ziwa la nani?
La wote.
Na samaki?
Wa Fisi.
Kasema nani?
Fisi mwenyewe.

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna mahindi, tafuna polepole, maana humu ndani mna sauti ndogondogo, nisingependa uzikose halafu uniulize.

Alikuwepo Nguchiro, na alikuwepo rafiki yake Nungunungu. Walipendana hao, sina hata la kuongeza. Shida moja tu: kila Nguchiro alipomkumbatia rafiki yake, alirudi nyumbani akichomoa miiba kifuani. Kesho yake akaenda akamkumbatia tena.

Siku moja mke wa Nungunungu akajifungua. Mtoto mzima, mama mzima, ila maziwa hayatoki. Mtoto ananyonya, hapati kitu, analia. Ananyonya tena, hapati kitu, analia tena. Wakunga wakasema dawa ni supu ya kambare, na kambare huyo avuliwe na baba kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo mila ya kina nungunungu. Akivua mwingine, supu haifanyi kazi. Nungunungu akaja kwa Nguchiro machozi yanamtoka, maana kuogelea hajui, na maji yakimfika magotini tu anajiona marehemu.

Nguchiro akamwambia anyamaze, vyombo vipo. Zamani aliwahi kuishi chini ya benchi la fundi pancha, na alipohama alihama na tyubu mbili za tairi la lori. Unakaa katikati, makalio yanagusa maji, miguu ndiyo kasia. Na ile miiba je? Akamvika rafiki yake gunia la mkaa mgongoni, akamzungushia kamba mpaka mwenyewe akafanana na mzigo unaosubiri kupakiwa.

Wakaingia ziwani. Chubwi-chubwi, chubwi-chubwi, mpaka penye kina. Nungunungu amefumba macho. Nguchiro akamtilia chambo, akamshikisha mshipi, akampigia hadithi za utotoni ili asahau alipo. Akasahau kweli, hata akaanza kucheka. Ghafla mshipi ukavutwa, tu! Nungunungu akavuta, kambare akavuta. Nungunungu akavuta, kambare akavuta. Mwisho akatoka kambare mnene, masharubu kama ya babu yako, na Nungunungu kwa furaha akajitupa nyuma. Mwiba mmoja ukapenya gunia, ukaachia mgongoni, ukazama kwenye tyubu. Tii.

Nungunungu akanyoosha mkono auchomoe.

"Usiuguse, ndugu yangu," Nguchiro akasema. "Ukiung'oa tu, pumzi yote inatoka."

Hayo aliyajua kwa fundi. Mtu akileta tairi lenye msumari, fundi anauliza kwanza kama ameuchezea. Basi mwiba ukaachwa palepale, umeziba tundu lake wenyewe. Wakavua na wengine, kapu likajaa, wakarudi polepole. Chubwi. Chubwi. Hakuna aliyethubutu kukohoa.

Gatini alikuwa amesimama Fisi. Kwingine kote ni matope na matete, kwa hiyo kila mvuvi alipitia hapo, na Fisi alikuwa na sheria yake: samaki wa juu wa Fisi, samaki wa chini wa Fisi, wa katikati tutaona. Nungunungu akamwomba amwachie kambare mmoja tu, akamweleza habari ya mtoto. Fisi akampa hongera, akachukua kapu lote.

Nguchiro akamtazama rafiki yake, akaona macho yake yanalifuata kapu. Hakubishana. Akaanza kuibeba ile tyubu taratibu, kiganja amekikinga juu ya mwiba, kama mtu aliyebeba yai.

"Unaficha nini hapo?" Fisi akauliza.

"Mwiba tu, mzee."

"Mwiba gani unafunikwa hivyo?"

"Mzee, mimi sisemi uongo. Bila huu mwiba kukaa hapa, leo tusingerudi na samaki hata mmoja."

Nungunungu, mtu mkweli yule, akafungua mdomo aeleze vizuri. Nguchiro akamrukia akamkumbatia kwa nguvu zake zote. Miiba ikapenya gunia, ikamwingia kifuani, na Nungunungu akanyamaza kwa kumhurumia.

Fisi akaitaka tyubu. Nguchiro akampa. Akamwonya kwamba mwiba asiung'oe, na kazi yake ataijua akifika penye kina. Kapu je? Fisi akaona litambania nafasi, maana yeye anakwenda kuleta samaki wakubwa. Akaliacha gatini.

Chubwi-chubwi, chubwi-chubwi, huyo mpaka katikati. Huko akawaza: mwiba wa kuita samaki ukae kwenye tyubu ya watu, kwa nini? Kesho si watanidai? Akaung'ata akauvuta.

Pssssss! Tyubu ikaruka kushoto, Fisi huyo kushoto. Ikaruka kulia, Fisi huyo kulia. Ikazunguka, ikahema, prrrr, ikawa kitambaa. Fisi akaogelea mpaka ng'ambo, na kwa mara ya kwanza maishani akafika mahali ameshiba. Ameshiba maji.

Gatini hapakuwa na mtu wala kapu. Supu ilichemka, mama akanywa akatoka jasho, maziwa yakaja, mtoto akanyonya mpaka akalala. Wakampa Nguchiro ampakate. Miiba ya mtoto ilikuwa bado laini, laini kama nyasi changa. Nguchiro akamkumbatia, hakuchomwa popote, akakataa kumrudisha.

"Niachieni kidogo," akasema. "Huyu nimkumbatie sasa, kabla hajawa baba yake."

Na baba yake akamsogelea, akakaa naye bega kwa bega, na Nguchiro akaguna, "Aii," lakini hakusogea.

Hadithi yangu imepanda nchi kavu, mwenye njaa aende jikoni.

Na funzo lake, watoto, ni hili: mkubwa akitaka kitu chako, mpe bila maneno. Nguchiro alimpa Fisi tyubu, akampa mwiba, akampa na ushauri wa bure. Sasa mnacheka nini?