Tabesa Aliyeyatembeza Maji

Tegeni masikio, watu wa bonde la Ashmeri, nyinyi mnaoketi kwa raha na vichwa vilivyokwisha kuloweshwa. Nawarudisha kwenye zama ambazo watawala wa Rumi walikuwa bado wakiwawinda watu wetu, zama ambazo kulitaja jina la Kristo mbele ya askari kulitosha kukutoa uhai. Ndipo Paese mchonga mawe alipoukimbia mto Nile pamoja na jamaa ishirini na moja, akawavusha jangwa kwa siku tisa, akawatua kando ya kijito hiki. Paese huyo alimzaa Tabesa, na baada ya Tabesa akamzaa Nofri mfinyanzi.

Tabesa Mabega ya Mwamba! Jiwe la kizingiti cha nyumba ya sala, ambalo wanaume wanne walilitukana wakaliacha njiani, alilinyanyua peke yake na kuliweka mahali pake. Alikuwa shemasi wa wanawake. Yeye ndiye aliyewapaka mafuta na kuwashika viuno walipozamishwa mara tatu, mkondo usije ukawachukua.

Maana ubatizo wa wakati ule haukuwa shughuli ya asubuhi moja. Mtu alisubiri miaka mitatu, mwenendo wake ukichunguzwa, kisha akafunga siku mbili. Akavua kila kitu hata hereni, akageukia magharibi na kumkana Shetani, akageukia mashariki na kumkiri Kristo. Aliingia majini kama aingiaye kaburini, akatoka kama mtoto mchanga, na kama mtoto akanyweshwa maziwa na asali. Maji yenyewe yalipaswa kuwa maji hai, yatembeayo. Na dhambi zote alizoziacha humo aliziacha mara moja tu.

Hapo kwenye mara moja tu ndipo hofu ilipotaga mayai. Aliyeanguka vibaya baada ya kutoka majini angekimbilia wapi? Basi watu wakaanza kuahirisha. Mzima wa afya akasema mwakani, mwakani akasema mwakani. Na Nofri, fundi wa vyungu na wa maneno makali, aliziacha Pasaka tatu zikapita.

"Dada, kwa ulimi huu?" alikuwa akicheka. "Nitoke majini asubuhi, adhuhuri niwe nimeshamchamba jirani? Ngoja kwanza meno yang'oke."

"Mdogo wangu," Tabesa alimjibu, "unadhani Mungu haoni kwamba unamzungusha?"

Kisha mvua zikakosa miaka miwili. Kijito kikakauka hadi udongo wake ukapasuka, tukabaki na kisima kimoja kirefu ambacho kila nyumba ilipimiwa maji yake kwa kibuyu. Nyuma ya ukame ikaja homa, na homa ikamkuta Nofri na meno yake yote kinywani.

Siku ya nne aliacha kutania. Alimshika dada yake mkono na kumwambia, "Nibatizwe leo. Naogopa."

Tabesa akamwendea Sabino, mwangalizi wa kanisa letu, mzee mwenye mgongo wenye makovu ya mijeledi ya Warumi. Sabino hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye woga wa kukosea. Akatamka mbele ya watu wote: "Maji ya kisimani yamesimama. Tulivyopokea ndivyo nitakavyotoa. Nikizua ubatizo wangu, nitawatuma watu kwa Mungu bila ubatizo wowote."

"Baba Sabino, yatakayotembea utayakubali?"

"Yatembee, nani atayatembeza? Kijito kimekufa, binti."

 Tabesa alichukua tindo na nyundo ya baba yake, akapanda mteremko wa mwamba ulio juu ya nyumba ya sala, akaanza kuchonga mfereji. Tangu asubuhi ile hadi jua kupita utosini alichonga hatua arobaini, mikono ikivuja damu, na kila mara akiuliza bila kugeuka, "Anapumua?" Wanawake wakajibu, "Anapumua." Kisha nyumba kwa nyumba wakaleta vibuyu vyao, maji yao ya kunywa ya siku ile, nao watoto wao wakilia kiu. Yakajaa mitungi mitatu. Tabesa akaipandisha mmoja mmoja begani.

Nofri akalazwa chini ya mteremko, kichwa kwenye mdomo wa mfereji. Mtungi wa kwanza ukamiminwa. Mwamba uliounguzwa na jua ukayanywa maji yote nusu ya njia. Mtungi wa pili ukafika hatua tatu kutoka kwenye nywele zake, ukaishia hapo.  Tabesa akamkabidhi mtungi wa mwisho mwanamke mmoja, akashuka mbio.

"Baba, sema maneno!"

Sabino akasema, "Siwezi. Sijui kama haya ni maji au ni ujanja."

Basi Tabesa akapiga magoti, akamgeuza mdogo wake uso magharibi. "Nofri mwana wa Paese, unamkana Shetani?"

"Nilimkana zamani," Nofri alinong'ona. "Ulimi tu ndio ulikuwa haujataka."

Akamgeuza mashariki, naye akakiri. Maji ya mtungi wa mwisho yakaja, membamba kama uzi, yakitembea. Tabesa akayakinga kwa kiganja, akayapitisha kichwani mara tatu, kwa Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Nofri alilamba asali na maziwa, akafa kabla ya jua kutua.

Na sasa nawauliza nyinyi mnaotaka jina la Tabesa lisisomwe tena katika sala za mezani pa Bwana: mlitaka afanyeje? Sabino alimzuia asishiriki meza hadi waangalizi wa miji ya Nile watakapoamua. Tabesa akasema, "Nitakwenda mwenyewe kuwauliza. Kama nimekosa, kosa ni langu, msimbebeshe Nofri." Akaondoka kwa miguu na kiriba kimoja. Hakurudi. Barua haikuja. Wasafiri hawakumwona.

Homa ikaendelea kuua, na waliosubiri wakawa wanakufa. Mwezi wa pili tangu Tabesa aondoke, Sabino akaubeba mtungi kwa mgongo ule wa makovu, akaupandisha juu ya mwamba, akatangaza: "Tutafanya hivi mpaka tutakapokatazwa." Akawabatiza thelathini na wanane. Mababu zenu wamo, na wangu wamo.

Tangu hapo hakuna katika Ashmeri aahirishaye. Na kila mtu anapotoka majini, kabla hatujampa kikombe cha maziwa na asali, sote hunyamaza, tukaitazama njia ya Nile, kama kuna mtu anakuja kutuambia ndiyo au hapana. Hatumwoni. Ndipo tunamnywesha.