Kioo Kipya cha Mama Lutengano

Hebu fikirini chumba cha kupanga kule Njombe, ambacho kioo cha dirisha kimevunjwa na mbuzi wa mwenye nyumba, Mzee Mgaya.

"Tia kioo kipya leo, la sivyo uhame!" Mgaya alimfokea mpangaji wake, Mama Lutengano.

Jioni alimkuta akilainisha puti, ule udongo wa kushikizia kioo, kwa kisu kuzunguka fremu.

"Usiguse, mzee. Puti bado mbichi. Kioo kikianguka, utalipa wewe."

Mgaya akaficha mikono mfukoni. "Kinang'aa kweli! Lakini mbona baridi inaingia?"

"Kioo kipya hicho, mzee. Bado hakijapata joto."

"Haya, endelea kukaa."

Mgaya alipofika barabarani, Mama Lutengano alipitisha mkono katikati ya fremu tupu, akampungia. Mgaya naye akapunga.

Wanangu, naomba mkumbuke jambo moja: mgeni akiondoka, mpungieni.