Bibi Sikudhani na Njia ya Magoti Mabovu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, mnisikie vizuri. Zamani hizo, babu wa babu zetu wakiwa bado watoto, palikuwa na vijiji viwili, na katikati yake korongo la marumaru. Kuta zake nyeupe pe, ndefu hata shingo ikuume ukizitazama. Chini mto unapita: shwaa, shwaa, shwaa.

Ukipita ndani ya korongo, ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini nani apite? Marumaru yale yaliteleza kama mlenda. Ukikosea hatua, mto umekuchukua. Basi watu wakapita mlimani, panda shuka, panda shuka, siku mbili.

Kijiji cha chini aliishi Bibi Sikudhani, mfinyanzi wa vyungu, mzee, magoti yamekwisha. Kijiji cha juu aliishi Siwatu, dada yake wa tumbo moja. Miaka saba hawajaonana.

Siku moja msafiri akaleta salamu.

"Bibi, dada yako amepofuka. Anasema anataka akupapase uso kabla hajafa."

Sikudhani hakulia. Alisugua magoti yake. Kisha akabeba vyungu vitatu mpaka kwa mhunzi, akarudi na nyundo na tindo la kuchongea jiwe.

Kesho yake korongoni kukasikika: ko! ko! ko!

Jumbe Mwinyikambi, mkuu wa kijiji, akaja mbio. "Bibi, unafanya nini?"

"Natengeneza njia, Jumbe."

"Jiwe hili limekaa hapa tangu dunia kuumbwa!"

"Basi limepumzika vya kutosha."

Watu wakacheka, kwa kwa kwa! Yeye akapiga. Ko! Akachonga vidato vya kukanyagia, kandokando ya maji, kiangazi kizima. Mikono ikatoka malengelenge, yakapasuka, ikaota sugu. Ko! ko! ko!

Masika yakaja. Mto ukajaa: guuu! Ulipopungua, Sikudhani akaenda kutazama. Njia yote imezikwa kwa mawe na tope.

Jumbe akamwambia kwa upole, "Sasa umeona, Bibi. Pumzika."

Siku hiyo alilia. Alikaa juu ya jiwe akalia mpaka kanga ikalowa. Alipoinua macho aliona mstari wa tope ukutani, pale maji yalipofikia. Akajifuta uso.

"Mto haukunionea," alisema. "Mimi niliujua wa kiangazi tu. Njia itapita juu ya mstari huu."

Lakini juu huko jiwe lilikuwa gumu zaidi, tindo likadunda. Sikudhani akawaza kama mfinyanzi. Chungu kikitoka motoni kikamwagiwa maji, hufanyaje? Akarundika kuni ukutani, akawasha. Jiwe likapata moto. Akatupa maji ya mto: shaaa! Paa! Marumaru yakapasuka.

Kijiji kizima kilisikia ule mlio. Siku ya pili wakaja wanawake watatu na mitungi ya maji. Siku ya kumi wakaja vijana na mashoka ya kukatia kuni. Kiangazi cha pili kilipokaribia kwisha, njia ilitokea upande wa pili.

Jumbe akawaita vijana wenye nguvu waijaribu. Wakaenda mbio, wakarudi mbio.

"Njia imekwisha! Tupige ngoma!"

"Haijaisha," akasema Sikudhani. "Hawa wangepita hata juu ya kamba. Niitieni Kibwana."

Kibwana alikuwa msusi wa mikeka, anatembelea magongo. Akapita pole pole, Sikudhani nyuma yake. Gongo lilipoteleza, Sikudhani akachonga jiwe mpaka likaparuza. Akaitwa mama mwenye mimba ya miezi minane. Alipoomba kupumzika, pakachongwa pa kukaa.

Ndipo Sikudhani akaenda mwenyewe. Alitoka alfajiri. Jua halijafika utosini, yuko mlangoni kwa dada yake.

"Hodi!"

Akagonga mlango: du, du, du.

"Hodi humu ndani!"

"Nani mwenye sauti ya marehemu mama yangu?"

Siwatu akatoka akipapasa hewa. Akaushika uso wa mdogo wake: paji, mashavu, kidevu. Akaishika mikono pia.

"Mikono hii imekuwa magome! Umefanywa nini, mdogo wangu?"

"Nimekuja kukuchukua, dada. Utatembea kwa miguu yako."

Na Siwatu akatembea, kiganja kimoja ukutani. Katikati ya korongo akasimama.

"Hapa pananikata vidole."

Sikudhani akatoa nyundo. Ko! ko! ko! Akapapasa, akamwambia dada apapase.

"Sasa?"

"Sasa pako sawa."

"Basi," akasema Sikudhani, "sasa njia imekwisha."

Enyi wasikilizaji, njia haipimwi kwa mguu wa mwenye mbio. Hupimwa kwa mguu wa mnyonge. Akipita yeye, wote tumepita.

Ngano yangu naitua hapa.