Mlango wa Nambari Kumi na Nne

Kitendawili! Haya, tegeni sikio: nimesimama usoni pa nyumba, mgeni mwema hunigonga nikanyamaza, mgeni mbaya hunivunja nikalia. Mimi nani? Mkisema mlango, mmepata, wala sitawadai mji.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Aulizaye huona aibu ya dakika moja, basi. Anyamazaye huibeba aibu yake mpaka mbele za watu.

Palikuwa na seremala aliyeitwa Fundi Randa. Alitengenezea mtaa mzima milango, lakini mganga hajigangi: mlango wake mwenyewe mchwa waliula mpaka ukapitisha mwanga kama chekecheke. Mteja mmoja wa mtaa wa pili akamletea mlango wa buluu, wenye nambari kumi na nne, autie bawaba mpya, kisha asionekane tena. Mke wa fundi alipochoka kufukuza paka wa watu sebuleni, fundi akaupachika ule mlango nyumbani kwake. Nambari hakuifuta. Alisema mali ya mtu ni mali ya mtu, mwenyewe atakuja kesho. Kesho hiyo ikawa miezi mitatu.

Siku moja, saa nane mchana, fundi alirudi nyumbani kula, nyundo yake ya mti ingali kiunoni. Katika chumba cha ndani alilala binti yake na kitoto cha siku kumi. Mara mlango ukapigwa teke. Kitoto kikaangua kilio.

"Nani?" fundi akauliza.

Kimya. Teke la pili. Bawaba alizozikaza kwa mkono wake zikalia.

"Nani, jamani?"

Hakujibiwa. Mkewe alikuwa amejibanza mlangoni pa chumba cha binti, mikono ameitanua kama kuku afichaye vifaranga. Fundi akauliza mara ya tatu. Ubao ukapasuka, mkono ukapenya ukipapasa komeo. Hakuona uso wala sare. Aliona mkono tu, na nyuma yake yeye alikuwapo mjukuu. Akaushukia ule mkono kwa nyundo, mara moja.

Mlango ulipoanguka na magwanda ya polisi kuonekana, aliitupa nyundo akainua mikono juu. Koplo na askari wake wawili wakamfunga pingu hata hivyo. Walipekua nyumba nzima, wakaambulia nepi na vumbi la mbao. Mwizi waliyemtaka alikuwa yule mteja wa mlango.

Koplo, kijana aliyehamia hapo juzijuzi, alikuwa ameukumbatia mkono wake uliovunjika. Mke wa fundi akamsogelea, wala hakumtukana.

"Mwanangu, mume wangu ameuliza mara tatu. Mbona hukumjibu?"

Koplo akatazama sakafu.

Fundi alishtakiwa kwa kumjeruhi askari kazini. Akitiwa hatiani, ni miaka saba. Jirani mmoja alimshauri akiri kosa aombe huruma. Mwingine akatania kwamba ndiyo mara ya kwanza nyundo ya fundi kukosa msumari. Fundi hakucheka. Alisema hawezi kukiri kosa la kumlinda mzazi na mtoto wake.

Hakimu, mama mwenye miwani minene, alieleza taratibu kwamba mtu ana haki ya kujilinda nyumbani mwake kwa kadiri ya hatari anayoiona, maadamu hakujua wala hakuambiwa kuwa anayevunja ni askari. Kesi yote, alisema, imesimama kwa mguu mmoja: kama hakuambiwa, anarudi nyumbani kwake leo. Wale askari wawili wakaapa kwamba waliita "polisi" kwa sauti kubwa. Fundi akasema alisikia mateke tu. Ndimi mbili kwa ulimi mmoja.

Akaitwa koplo, mkono ndani ya plasta. Hakimu alitaka kujua fundi alipouliza nani, alijibiwa nini. Wenzake wakamkazia macho. Koplo akageuka, si kwa hakimu, bali kwa mke wa fundi.

"Mama, siku ile uliniuliza sikukujibu. Nilimsikia mara zote tatu. Hatukumwambia kitu, niliona nikijibu, mwizi atatoroka. Na nilikuwa na wasiwasi. Nilielekezwa nyumba nambari kumi na nne, yenye bomba la maji mbele; nambari niliiona mlangoni, bomba sikuliona. Palikuwa na muuza mboga hapo hapo, ningemuuliza tu. Lakini mimi mgeni, tena ndiye mkubwa wao. Niliona aibu vijana wangu wajue kwamba sijui."

Hakimu akaweka kalamu chini. Koplo akaendelea.

"Mumeo hakujua, akauliza. Mimi sikujua, nikavunja. Kuuliza si ujinga, mama. Mjinga nilikuwa mimi."