Mfupa Mmoja Tu

Kulikuwa na mama mjane mmoja, wapendwa, aliyekaa nyumba ya mwisho kijijini, pale mashamba ya mtama yanapokoma na vichaka kuanza. Nyumba ya mwisho ina hewa nzuri. Ila fisi akishuka kutoka mlimani, hiyo ndiyo anayoipigia hodi kwanza.

Mumewe alipofariki alimwachia nyumba hiyo, mbuzi tisa, na mbwa mmoja aliyeitwa Watasema. Mnajua wenyewe jinsi tunavyowapa mbwa majina: mtu akikwaruzana na jirani, hamtukani jirani, anamwita mbwa kwa sauti. Ni jirani yupi hasa aliyekusudiwa, marehemu alikwenda na siri yake.

Sasa mbuzi hao ndio waliomweka mama yule nyumbani kwake. Shemeji yake alikuwa amekwisha kumwambia, siku ya kuanua matanga, kwamba mwanamke hawezi kukaa peke yake mwisho wa kijiji. Mbuzi wakimshinda ahamie kwake, kuna chumba nyuma ya jiko. Mama alishukuru kwa adabu, akasema hawatamshinda. Tangu hapo, kila asubuhi alipofungua zizi la miiba na kuwakuta wote tisa wanamtazama, alijua amepata siku nyingine ya kuishi kwake mwenyewe, na sufuria zake, na kitanda chake cha ndoa.

Na waliokolewa na nani kila usiku? Na yule mbwa.

Hakuwa mbwa wa kupendeza. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, sikio moja limechanika. Jioni mama alimpikia uji mzito wa dona na dagaa, bila chumvi, bila kitunguu, bila mafuta. Alimwekea katika bakuli lake la bati, palepale kwenye mlango wa zizi, akasimama hadi amalize. Kisha mbwa aliingia kwa mbuzi, na mama akaenda kulala. Chakula cha mezani hakumpa kamwe. Bwana mifugo alikuwa amemweleza marehemu zamani: mfupa uliopikwa unavunjika vipande vikali kama chupa, unachana utumbo, kitunguu kinamharibu mbwa damu, mafuta mengi yanamwasha tumboni. Na zaidi ya hayo, mbwa anayepokea kwa kila mkono halindi tena mali ya mtu. Marehemu alilishika jambo hilo, na mkewe akalishika baada yake, kama mtu anavyoshika wosia.

Ikafika zamu yake ya kupokea jumuiya. Watu wa kaya kumi na nne walikuja na nyimbo zao, na kila mmoja na chombo chake mkononi, maana walimhurumia, walijua mjane hawezi kulisha wote. Huo ulikuwa wema, tusiuondoe. Kukawa na pilau, na kuku wa kukaanga, na mchuzi wa mbuzi. Walisali, walisoma, wakakaa uani kula.

Watasema alikuwa amelala kando ya zizi, kichwa juu ya miguu, akiwatazama.

Mama mmoja mwenye kitenge cha njano ndiye aliyeanza. Alimwambia mwenzake, si kwa sauti kubwa lakini si ndogo pia, kwamba mbavu za mbwa wa watu zimetoka nje kama mbao za kitanda. Mwenzake akasema, wengine Mungu amewapa mkono lakini hajawapa kiganja. Wakacheka. Mwenye nyumba alisikia. Alikuja na jagi la maji ya kunawa, akawaeleza taratibu kwamba mbwa huyu ana chakula chake, imeagizwa asipewe kingine, kitamdhuru.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa mtu wa mzaha, mtu anayependwa. Alikuwa ameshika paja la kuku.

"Mama," alisema, "leo tumekuja kwako kumshukuru Mungu. Tutakula sisi, huyu atutazame hivi? Watasema. Tena watasema umemnyima."

Uani pakalipuka kicheko. Mama naye alitabasamu, maana mtu akichekwa nyumbani kwake mbele ya wageni atafanya nini? Lakini alisema tena, "Nawaombeni, ndugu zangu. Asipewe."

Kisha chai ikachemka, naye akaingia jikoni.

Hapo ndipo nataka twende polepole, kama ninavyowafundisha watoto kuvuka barabara. Mwenyekiti alimtupia mbwa mfupa. Mnafikiri mbwa alifanya nini? Aliunusa, akageuza uso. Alitazama mlango wa jikoni. Mbwa yule alikuwa anajua alichofundishwa kuliko watu waliokuwa pale. Basi wangeweza kuishia hapo, na mfano wangu ungekuwa mfupi, na mtamu.

Lakini ilikuwa kama amewadharau. Mama wa kitenge cha njano aliinuka, akauokota mfupa, akachuchumaa mbele yake, akamshika taya kwa upole na kuusogeza mdomoni, huku akimbembeleza kama mtu anavyombembeleza mtoto mgonjwa anywe dawa.

"Kula, baba. Kula. Mama yako haoni."

Akala. Nani angekataa mara mbili? Na alipokula mkia wake ukapiga chini, uani pote watu wakasema ahaa, mwoneni, alikuwa na njaa maskini. Baada ya hapo kila mmoja alitaka kupata furaha ile, ya kutazamwa na macho yale. Huyu akampa shingo ya kuku. Yule bawa. Mwingine mabaki ya pilau na vitunguu vyake, juu ya jani la mgomba. Kila mmoja kidogo tu. Mama alipotoka na birika, walikuwa wamekaa vizuri wote, mikono mapajani, nyuso zao kama za wanafunzi ambao mwalimu amerudi darasani. Yeye alidhani wamefurahi kwa sababu ya ibada. Akafurahi pia.

Siku ya pili mbwa alitapika. Siku ya tatu mgongo ulijikunja, tumbo likawa gumu kama ubao, maji hakuyataka. Mama alimfunika kanga yake, akatuma mtu kwa bwana mifugo. Bwana mifugo alifika kwa pikipiki mchana, akakuta amekwisha kufa, na majirani wamejaa uani, kwa maana habari mbaya haihitaji kengele.

Aliuliza amekula nini. Mama alisema uji wake tu, na alikuwa anasema kweli yote aliyoijua. Bwana mifugo alitikisa kichwa. Akatandika gunia, akampasua mbwa, akaanza kupanga juu ya gunia vitu alivyovitoa. Vipande vya mifupa, virefu, vyembamba, vyenye ncha. Kimoja kilikuwa kimetoboa utumbo na kutokea upande wa pili.

Mama alitazama gunia. Kisha akawatazama majirani zake, mmoja mmoja, kama mtu anayeitisha majina.

Basi wakaanza kusema wenyewe. Mimi nilimpa kipande kimoja tu. Mimi shingo tu, tena nilikuwa nimeitafuna yote. Mimi wali tu, wali unaua mbwa? Mimi nilimwona mwenzangu anampa. Kila mmoja alikuwa na "tu" yake, na kila mmoja aliishika kama mtu anavyoshika mwavuli.

Mwenyekiti alisogea karibu na gunia. Mzaha ulikuwa umemtoka. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Bwana mifugo, ni mfupa upi hasa uliomuua?"

Aliuliza kwa matumaini, wapendwa. Sikieni hilo.

Bwana mifugo alikuwa anafuta kisu chake kwa majani. "Mnataka niwachagulie mmoja," alisema, "ili wengine mwende nyumbani?"

Na mbele ya gunia lile hapakuwa na mtu aliyeweza kusema hiki ni changu na hiki si changu.

Kesho yake walikuja kumpa pole. Na walikuja na nini? Na vyakula. Hotpoti za wali, kuku, ndizi za nyama. Walivipanga mezani, wakakaa kwenye mkeka, wakasema maneno mazuri: mbwa mwema, kazi ya Mungu haina makosa. Mama aliwasikiliza hadi mwisho. Alikuwa na macho makavu. Kisha aliwaambia jambo ambalo alikuwa amelifikiria usiku kucha akiwa amekaa mlangoni mwa zizi na panga na tochi.

Alisema kuna mtu kijiji cha pili ana watoto wa mbwa. Katika wiki mbili wataacha kunyonya, na amemwahidi wawili, na jike aliyewazaa, wa kuazima hadi wawili hao wapate nguvu. Ni hizo wiki mbili tu zinazomshinda. Kifua chake hakimruhusu kukesha.

"Chakula ninacho," alisema. "Kaya zenu ni kumi na nne, na siku ni kumi na nne. Nipeni kila nyumba mtu mmoja, usiku mmoja. Akae tu na moto pale zizini. Nitamchemshia chai."

Si aliomba kidogo? Usiku mmoja. Kila mmoja usiku mmoja tu. Lile neno lao lilelile.

Mwenyekiti alisema mgongo wake na umande haupatani, lakini atalipeleka jambo hilo kwenye kamati. Mama wa kitenge cha njano alisema angekuja yeye mwenyewe, ila mume wake si mtu wa kuelewa. Mwingine alikuwa na safari. Mwingine mtoto wake alikuwa na homa, au angekuwa nayo kesho. Mwingine alisema kwa uchungu kabisa kwamba fisi siku hizi wamepungua. Waliondoka kabla ya jua kuzama, kwa sababu njia ya kutoka nyumba ile si nzuri gizani. Vyakula waliviacha.

Alikesha peke yake usiku ule, na wa pili. Usiku wa tatu kifua kilimshika, akalala kwa homa. Asubuhi alifungua mlango akaona miiba ya zizi imetawanyika, na mbuzi watatu wamesimama ukutani wamebanana, na wengine sita hawapo. Aliwafungua wale watatu, akafunga nyumba, akawaswaga mbele yake hadi kwa shemeji yake. Shemeji yake hakumcheka. Alimwonyesha chumba nyuma ya jiko, akamwambia mlango wake hauna komeo, lakini hapa hakuna wizi.

Na ile jumuiya? Ilimwandika kwenye orodha ya wahitaji. Kila wiki walimtaja katika sala, kwa jina, na kila mwezi walimpelekea chakula kwa shemeji yake, kilichofunikwa vizuri. Walijisikia vizuri walipokuwa wakikifunika.

Wapendwa, jambo la kwanza ni hili, na hata watoto waliokaa mbele walisikie: chakula cha mezani si cha mbwa. Mkitoka hapa kula, mifupa itupwe shimoni na ifukiwe. Hilo ni rahisi, na wengi wetu tutalitimiza, kisha tutadhani tumeusikia mfano.

Lakini mimi nauliza kuhusu ule mkono uliokuwa unatoa. Ulitoa nini? Ulitoa kile ambacho kinywa kilikuwa kimemaliza nacho. Mfupa ule ulikuwa unakwenda kutupwa. Badala ya kuutupa, tukautoa, tukaita huruma. Na tulimpa kiumbe ambaye mwenyewe alikataa, ambaye mlezi wake alikuwa ametuomba mara mbili tusimpe. Kwa nini hatukumsikia? Kwa sababu alikuwa mjane, naye mjane akisema hapana tunasikia uchoyo. Angekuwa mkuu wa wilaya amesema mbwa wake asipewe, nani angenyanyua hata ukucha wa kuku?

Tunafanya hivyo kila siku. Jirani ana kisukari, mkewe anatuomba tusimpe soda, tunampa soda mke akienda uani, kisha tunasema mkewe anamtesa. Kijana ameacha pombe, mama yake ametuomba, sisi tunampa glasi moja tu ya harusi, asijisikie mpweke. Kisha siku ya msiba tunakuwa wa kwanza kufika na masufuria.

Kilicho rahisi kwetu tunakitoa hata tukikatazwa. Kilicho kigumu hatukitoi hata tukiombwa. Hapo ndipo wema wetu unapopimwa, si kwenye sahani. Mfupa kila mmoja wetu alikuwa nao. Usiku mmoja, katika nyumba kumi na nne, haukupatikana.

Sitaomba tusimame tuimbe. Nataka tukae kimya kidogo. Kila mmoja amfikirie mtu mmoja ambaye yeye humpelekea chakula, halafu ajiulize kama aliwahi kumsikia mtu huyo akiomba kitu kingine.